Tumbo linalouma kila ukishakula: utumbo unapokosa damu

Ukienda hospitali na tumbo, utaulizwa linauma upande gani, limeanza lini, unaharisha au la, unatapika au la. Swali ambalo mara nyingi linasahaulika ni dogo sana: maumivu yanaanza dakika ngapi baada ya kula, na yanakwisha baada ya muda gani? Leo nataka tukae na swali hilo, kwa sababu kuna ugonjwa mmoja ambao karibu habari zake zote zipo kwenye saa. Vipimo vya damu vya kawaida haviuonyeshi. Ukimbonyeza mgonjwa tumbo, unakuta laini tu. Kamera ikishushwa kooni mpaka ndani, mara nyingi haikuti cha maana. Lakini mgonjwa anazidi kukonda, na kila sahani inayowekwa mbele yake anaiangalia kama adhabu.

Kwa lugha ya kitabibu unaitwa iskemia sugu ya mesenteri. Iskemia ni hali ya kiungo kupata damu pungufu kuliko kinavyohitaji. Ni sugu kwa sababu unakwenda taratibu, miezi na hata miaka. Mesenteri nitaieleza sasa hivi. Lipo pia jina la zamani, angina ya utumbo, na mimi hilo ndo nalipenda, kwa sababu linafananisha kitu na kitu: mwenye angina ya moyo anabanwa kifua akipanda ngazi, na mwenye angina ya utumbo anaumwa tumbo akila. Kwa utumbo, kula ndo kupanda ngazi.

Niseme mapema ili tusitishane: ni ugonjwa wa nadra. Sehemu kubwa ya matumbo yanayouma hayana uhusiano wowote na mishipa ya damu. Na mimi nasomea fiziolojia ya mzunguko wa damu, sitibu watu, kwa hiyo utakachopata hapa ni maelezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi na unavyokwama. Dawa ya kwenda kununua haimo.

Mishipa mitatu na michepuko yake

Kama umewahi kusaidia kuchinja mbuzi na kusafisha utumbo, unajua kwamba utumbo haukai tumboni kama kamba iliyotupwa. Umeshikwa na utando mwembamba wenye mafuta mafuta, uliojikunja kama marinda ya sketi, na ukiuinua kwenye mwanga unaona mishipa ikitawanyika ndani yake kama matawi ya mti mpaka kwenye ukuta wa utumbo. Utando huo ndio mesenteri. Wetu uko vilevile. Unaushikilia utumbo usijisokote, na ndio unaoupitishia damu.

Damu yenyewe inatoka kwenye aota, ule mshipa mkuu unaoshuka kutoka moyoni ukipita mbele ya uti wa mgongo. Ikifika tumboni, aota inatoa matawi matatu kwa mbele. La kwanza, mshipa wa siliaki, linalisha mfuko wa chakula, ini, bandama na kongosho. La pili, chini kidogo tu ya la kwanza, ni mshipa wa juu wa mesenteri. Huu ndo mbeba mizigo wa familia: karibu utumbo mwembamba wote na takriban nusu ya kwanza ya utumbo mpana vinautegemea. La tatu, mshipa wa chini wa mesenteri, ni jembamba zaidi na linamalizia sehemu ya mwisho ya utumbo mpana.

Uzuri ni kwamba matawi haya hayaishi kila moja kivyake. Kuzunguka kichwa cha kongosho kuna mishipa midogo inayounganisha la kwanza na la pili. Pembeni mwa utumbo mpana kuna mingine inayounganisha la pili na la tatu. Njia kuu ikiziba polepole, hii midogo inapanuka mwaka hadi mwaka na kuubeba mzigo. Yaani ni michepuko. Najua neno hilo lilishaharibiwa na mabango ya barabarani, ila kwenye mishipa ya tumbo mchepuko ndo unaomwokoa mtu.

Na unaokoa wengi kuliko unavyodhani. Mwaka 2004 watafiti wa North Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima kwa ultrasaundi wazee 553 waliokuwa wakiishi majumbani kwao. Asilimia 17.5 walikutwa na angalau mshipa mmoja kati ya hii uliobana sana au kuziba kabisa. Wengi wao hawakuwa na habari. Walikuwa wanakula na kulala kama kawaida. Kwa hiyo kukutwa na mshipa mwembamba kwenye picha si sawa na kuwa na ugonjwa. Kwa kawaida maumivu yanakuja pale miwili kati ya mitatu inapokuwa imebana vibaya, au ule wa juu wa mesenteri unapoziba kwa mtu ambaye michepuko yake haikukua vya kutosha.

Kinachobana, katika zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, ni kilekile kinachobana mishipa ya moyo: mafuta na chokaa vinavyojijenga ndani ya ukuta wa mshipa kwa miaka mingi. Sigara, presha, kisukari, lehemu nyingi kwenye damu. Umeshasikia orodha hiyo mara mia, sitairudia. Nitaongeza moja tu: sigara ina uzito wa pekee hapa.

Kwa nini chakula ndo kinaamsha maumivu

Ukiwa umepumzika, moyo unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Kati ya hizo, kiasi cha moja ya tano mpaka robo inakwenda kwenye viungo vya chakula. Ukishakula, mahitaji yanapanda ghafla. Utumbo lazima ujikaze na kujilegeza kusogeza chakula, utoe majimaji ya kusaga, na ufyonze virutubisho kupitia vile vinyweleo vidogo vilivyojaa kwenye ukuta wake wa ndani. Kazi zote hizo zinatumia oksijeni. Damu inayopita kwenye mshipa wa juu wa mesenteri inaongezeka mara mbili, hata mara tatu, na inabaki juu kwa saa mbili tatu. Mlo wenye mafuta na nyama unaita damu zaidi kuliko kikombe cha uji.

Sasa tuweke mshipa uliobana. Katika karne ya 19 tabibu mmoja Mfaransa, Jean Poiseuille, alipima jinsi maji yanavyopita kwenye mirija myembamba ya kioo. Alichokikuta bado kinashangaza kila nikikiandika ubaoni: ukipunguza nusu ya upana wa mrija na kuacha msukumo uleule, kinachopita hakipungui nusu. Kinapungua mpaka moja ya kumi na sita.

Hapo utaniuliza, na ni swali zuri: kama hesabu ni kali hivyo, mbona mtu mwenye mshipa uliobana nusu anakula pilau na kwenda zake?

Jibu ni kwamba mshipa mkubwa hauko peke yake. Mbele yake, ndani ya ukuta wa utumbo, kuna maelfu ya mishipa midogo sana yenye misuli, na wakati wa kawaida hii midogo imejibana kidogo. Ndiyo koki za mfumo. Ugumu mwingi wa damu kupita uko kwenye koki hizo. Mshipa mkubwa unapoanza kubana, koki zinajilegeza ili kufidia, na damu inayofika inabaki ileile. Mshipa ukibana zaidi, koki zinafunguka zaidi. Mgonjwa hajui lolote. Anatumia akiba.

Kisha anakula. Mwili unatoa amri ileile ya siku zote: fungua koki, ongeza damu mara mbili. Lakini koki zilishafunguliwa zote jana na juzi ili tu utumbo uweze kuishi ukiwa umepumzika. Hakuna cha kufungua. Mahitaji yamepanda, damu imebaki palepale, na utumbo unafanya kazi ya ziada bila oksijeni ya kutosha. Taka za kemikali zinalundikana, neva za utumbo zinasisimka, na maumivu yanaanza. Chakula kikishasagwa na kusogea, mahitaji yanashuka, na maumivu yanajiondokea kama yalivyokuja. Ndo maana akichunguzwa asubuhi kabla hajala, tumbo linaonekana zima. Wakati huo damu inamtosha.

Maumivu yenyewe kwa kawaida yanakaa katikati, kuzunguka kitovu au juu yake kidogo. Neva za utumbo haziko makini kama za ngozi, kwa hiyo mgonjwa hakuonyeshi kwa ncha ya kidole, anakuwekea kiganja kizima. Yanaanza dakika 15 mpaka 30 baada ya kula, wakati mwingine karibu saa moja, na yanadumu saa moja mpaka tatu. Mlo mkubwa unauma zaidi ya mlo mdogo.

Hapa kuna fumbo ambalo binafsi ndilo lililonivuta kwenye mada hii. Dakika 15 baada ya kula, chakula kingi bado kiko kwenye mfuko wa chakula. Utumbo mwembamba haujapokea kitu cha maana. Sasa unaumwa nini?

Fikiria jengo la ghorofa tatu lenye presha ndogo ya maji. Uko juu unaoga, mtu wa chini akafungua bomba la jikoni, maji yako yanakuwa nyuzi. Hakukuibia kwa makusudi, ila nyote mnategemea bomba moja dhaifu. Mfuko wa chakula ndo jirani wa chini. Chakula kikiingia, mishipa yake inajifungua kwanza. Kama mshipa wa utumbo umebana na utumbo unaishi kwa damu ya michepuko kutoka upande wa siliaki, basi mfuko wa chakula unaivuta damu hiyo kabla haijavuka. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa mbwa: mshipa wa utumbo ulipobanwa, kuweka chakula kwenye mfuko wa chakula kulipunguza damu ya utumbo badala ya kuiongeza. Utumbo uliumia kabla haujapewa kazi.

Ana njaa, ila anaogopa

Ubongo wa mwanadamu hujifunza haraka sana kitu kinachouma. Baada ya wiki chache mgonjwa anaanza kupunguza. Kwanza anaacha nyama na vya kukaanga. Halafu nusu sahani. Halafu chai na kipande cha mkate. Kilo 10 zikipotea kwa miezi kadhaa si jambo la ajabu. Watu wengi, na baadhi ya wahudumu pia, wanadhani anakonda kwa sababu utumbo haufyonzi chakula. Kwa kiasi kikubwa sivyo. Anakonda kwa sababu hali.

Na hapa tofauti ndogo inabeba uzito mkubwa. Mtu huyu hajapoteza hamu ya kula. Njaa anaisikia, harufu ya mchuzi anaipenda. Anaogopa kinachofuata. Ukimwuliza "unasikia hamu ya kula?" atasema ndiyo, na ukiishia hapo umepoteza mgonjwa. Muulize "unaogopa kula?"

Chukulia nyumba ya kawaida kabisa. Bibi wa miaka 66 anakaa kwa mwanawe. Mkwe anapika, bibi anaonja vijiko viwili na kusema, "Nimeshiba, mwanangu." Kesho hivyohivyo. Mwezi wa pili mkwe ameshaamini kwamba mama mkwe anakidharau chakula chake. Mwana anamwambia mama ale japo kidogo, anamletea supu nzito ya mbuzi apate nguvu, na supu hiyo yenye mafuta ndo inamlaza chini kuliko kitu kingine chochote. Majirani wanasema presha ya mawazo. Wengine wanasema mengine. Hakuna hata mmoja aliyemkosea kwa makusudi. Ila ukiangalia saa, unakuta kila usiku anakunja magoti kitandani muda uleule: nusu saa baada ya sahani kuondolewa.

Kwetu kuna kizuizi kingine, na nitakisema wazi. Tumelizoea mno jina "vidonda vya tumbo". Kila kinachouma kati ya kifua na kitovu ni vidonda, na dawa za vidonda zinauzwa kila kona. Mgonjwa anameza omeprazoli miezi mitatu, hapati nafuu, anabadilishiwa duka. Vidonda vipo kweli na ni vingi kuliko ugonjwa huu, sipingi. Ninachosema ni kwamba dawa za kupunguza asidi zikishindwa, na kamera ikasema pako salama, jibu si kuongeza dozi ya dawa ileile. Mawe ya nyongo nayo yanauma baada ya kula, hasa mafuta, lakini huja kwa mashambulizi ya hapa na pale, aghalabu upande wa kulia, na hayafuati kila mlo. Saratani ya mfuko wa chakula au ya kongosho, na kifua kikuu cha tumbo, navyo vinakondesha. Kwa hiyo mtu anayeumwa tumbo na kukonda lazima achunguzwe kikamilifu kwa vyovyote vile. Asiondoke chumbani kwa daktari kabla mishipa nayo haijafikiriwa.

Wagonjwa wengi wamevuka miaka 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wapo vijana pia, ila kwao sababu ni nyingine. Kuna ugonjwa wa Takayasu, ambao ni uvimbe wa kuta za aota na matawi yake unaowapata zaidi wanawake vijana. Dalili yake moja ni presha ya mkono mmoja kutofautiana sana na ya mkono wa pili. Kuna pia watu ambao mshipa wa siliaki unabanwa kutoka nje na ukano wa kiwambo, ule msuli wa kupumulia. Wakitoa pumzi, ukano unaukandamiza zaidi. Kuhusu huo wa mwisho madaktari bado wanabishana, kwa kuwa watu wengi wana mshipa uliokandamizwa hivyo na hawaumwi popote.

Onyo la mwaka 1936

Kwa nini ni muhimu kuugundua mapema, kama maumivu yanaondoka yenyewe? Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Boston, J. Englebert Dunphy, alirudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa waliokufa kwa utumbo kuoza baada ya mishipa yake kuziba. Walikuwa 12. Aliposoma historia zao alikuta 7 walikuwa wamelalamika maumivu ya tumbo ya muda mrefu, wengine kwa miaka, kabla ya siku ile ya mwisho. Yaani zaidi ya nusu walikuwa wameshapewa taarifa na miili yao.

Kinachotokea siku ya mwisho ni hiki: damu inaganda pale mshipa ulipobana na kufunga kabisa kitundu kilichobaki. Sasa hakuna damu hata ya kupumzika. Ndani ya saa chache ukuta wa utumbo unaanza kufa, bakteria wanapenya, na hata hospitali zenye kila kifaa hupoteza nusu ya wagonjwa wa namna hii au zaidi. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla yasiyokwisha, ambayo hayaendani na jinsi tumbo linavyoonekana: mgonjwa anapiga kelele, tumbo bado laini. Mtu mwenye historia niliyoieleza akifika hapo, hiyo si ya kusubiri asubuhi.

Dunphy aliandika wakati ambao hakukuwa na cha kufanya. Mwaka 1958 Shaw na Maynard, huko huko Marekani, walieleza jinsi walivyoufungua mshipa wa juu wa mesenteri kwa upasuaji na kuusafisha. Mwaka 1980 ikaripotiwa kutoka Uswisi kwamba mshipa huohuo ulipanuliwa kwa kibofu kidogo kilichopitishwa ndani ya mshipa, bila kupasua tumbo. Mmoja wa walioandika ripoti ile alikuwa Andreas Grüntzig, yule aliyeanzisha njia hiyo kwa mishipa ya moyo mwaka 1977.

Kuupima

Kipimo cha kuanzia ni ultrasaundi ya mishipa, ile inayopima mwendo wa damu. Mantiki yake unaijua tangu utoto: ukibana mdomo wa mpira wa kumwagilia kwa kidole, maji yanaruka mbali zaidi. Damu nayo inapopita mahali palipobana inaongeza kasi. Kwenye mshipa wa juu wa mesenteri, kasi ya juu ikizidi sentimita 275 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia mazoezi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mshipa umebana kwa asilimia 70 au zaidi. Kwa siliaki kikomo ni sentimita 200. Kipimo kinafanywa ukiwa hujala tangu usiku, kwa sababu gesi ya tumboni inaziba picha, na pia kwa sababu chakula chenyewe kinaongeza kasi na kuvuruga hesabu.

Kasi hiyo hiyo ya vurugu wakati mwingine inatoa sauti ya mvumo ambayo daktari anaisikia kwa stetoskopu juu ya kitovu. Ikisikika, vizuri. Isiposikika, haimaanishi kitu, maana wagonjwa wengi hawana sauti hiyo.

Kipimo cha kuthibitisha ni CT ya mishipa. Hapa naomba usome polepole. CT ya kawaida ya tumbo na CT ya mishipa zinafanywa kwa mashine ileile, lakini si kipimo kimoja. Kwenye CT ya mishipa dawa ya rangi inachomwa haraka na picha zinapigwa sekunde zilezile dawa ikiwa bado ndani ya ateri. Picha zikipigwa bila dawa, au zikichelewa kwa ajili ya kuangalia ini, midomo ya mishipa hii inaweza isionekane vizuri na ripoti ikarudi "hakuna tatizo". Miaka ya karibuni mashine za CT zimefika kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania, kwa hiyo mara nyingi swali si kama mashine ipo. Swali ni karatasi ya maombi imeandikwa nini. Daktari hawezi kuandika "chunguza mishipa ya mesenteri" kama hajaambiwa kuhusu zile dakika.

Ndo maana kwa mtu mwenye dalili hizi ningependekeza daftari la wiki moja tu. Saa ngapi amekula, amekula nini na kiasi gani, maumivu yameanza saa ngapi, yameisha saa ngapi, na uzito mwanzoni na mwishoni. Hilo daftari daktari atalisoma kwa dakika mbili na litamwambia kuliko maneno "tumbo linanisumbua".

Kuutibu

Hakuna kidonge kinachozibua mshipa ulioziba hivi. Mwenye dalili anahitaji damu irudishwe. Siku hizi wengi wanaanza na stenti: mrija mwembamba wa wavu wa chuma unaopitishwa kupitia kwenye mkono au paja, ukafunguliwa pale palipobana ili ushikilie ukuta. Mgonjwa mkonde, mzee, mwenye moyo dhaifu anaihimili kazi hii kuliko upasuaji. Njia ya pili ni upasuaji wa wazi, ambapo mshipa mbadala unashonwa kuruka sehemu iliyoziba, barabara mpya kabisa. Ni mzito zaidi, hatari yake ya mwanzo ni kubwa zaidi, lakini unadumu zaidi. Wanaofaa ni wale wenye nguvu, au ambao mishipa yao haipitishi stenti. Huduma za kutibu kupitia ndani ya mishipa si nyingi kwetu. Mafunzo ya wataalamu wa kazi hiyo yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2018, kwa hiyo rufaa ya safari ndefu bado ni sehemu ya hesabu kwa familia nyingi.

Kuna kosa moja la huruma: kusubiri kwanza mgonjwa anenepe ndipo atibiwe. Atanenepaje, na kula ndo kunakomuumiza? Miongozo ya kitabibu inasema kurudisha damu kusicheleweshwe kwa sababu hiyo. Damu ikirudi, mara nyingi maumivu yanakoma ndani ya siku chache, na uzito unafuata wenyewe. Na kwa yule aliyekutwa na mshipa mwembamba kwa bahati tu, haumwi, hajakonda: kwa kawaida haguswi. Anatibiwa presha, sukari na lehemu, na anaacha sigara.

Baada ya stenti kuna aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kuna dawa za lehemu, na kuna ultrasaundi za kurudia kila baada ya muda, kwa sababu stenti hizi zina tabia ya kubana tena ndani ya miaka michache. Zile zilizofunikwa kwa kitambaa maalumu zimeonyesha kubaki wazi vizuri zaidi kuliko zile za wavu mtupu, kwa mujibu wa jaribio la Uholanzi. Lakini dalili ya kubana tena ni ileile ya kwanza, kwa dakika zilezile. Mgonjwa aliyewahi kupona anaijua kuliko mashine yoyote. Akisema imerudi, apimwe mishipa mapema, na asiambiwe kwanza ajaribu omeprazoli.